Landrova ya 1974, namba nne na mizani ya buchani

Karatasi niliyopewa kwenye kituo cha alaimenti, wanapopima na kunyoosha magurudumu, ilikuwa nyekundu karibu yote. Kijana aliyeitoa kwenye printa aliishika kwa ncha za vidole, kama nesi anayekukabidhi majibu mabaya. "Bosi, hii gari haipimiki," akasema. Nilikuwa nimeshalipa, nimepanga foleni nyuma ya Noah tatu na Prado moja, na Landrova ilitoka na mtetemeko uleule iliyoingia nao. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Mtetemeko wenyewe ulikuwa hivi. Uko barabara ya Moshi kwenda Himo, lami nzuri, mwendo unapanda: hamsini, hamsini na tano, kila kitu shwari. Ukifika sitini na kidogo, tairi ikagusa kiraka au kiungo cha daraja, usukani unaanza kwenda kushoto kulia. Mwanzo ni taratibu, kama mgeni anayekataa chai kwa adabu. Sekunde mbili baadaye mikono yote inatikisika hadi viwiko, kioo cha ndani kinaonyesha miguu yako, na dashibodi inapiga kelele kama debe la misumari. Ukiukaza usukani ndiyo unauchochea. Dawa ni moja: kupunguza hadi thelathini na kuomba lori la nyuma lisiwe na haraka. Mke wangu alipanda mara moja tu, akarudi kwa bodaboda.

Gari ni Series III ya inchi 88, petroli ya lita 2.25, ya mwaka 1974. Baba mdogo aliinunua ikiwa tayari imechoka, akaichosha zaidi kwa kubebea matofali, ndizi na mara moja moja maharusi. Kisha ikasimama chini ya mparachichi miaka kumi na moja. Injini sitaisimulia, injini za Landrova zina wasimuliaji wengi. Breki, nyaya na sakafu zilinila mwaka na nusu. Sehemu ya mbele niliiacha mwisho, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa kazi ya siku moja: unamaliza kila kitu, unapiga rangi, unalipeleka gari kwenye mashine, jamaa wanafungua hapa na kukaza pale, unaondoka.

Kilichonifungua macho ni kitabu cha mafundi cha kiwandani, nakala ya fotokopi iliyojaa mafuta niliyopewa na mzee mmoja wa Majengo. Huyu mzee alitengeneza Landrova za mashamba ya kahawa tangu ujana wake. Mimi namwita Babu, kama wanavyomwita wote pale. Siku nilipompelekea ile karatasi nyekundu hakuitazama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeniletea gari au umeniletea karatasi?"

Kitabu kinatoa namba nne kwa magurudumu ya mbele. Kemba nyuzi 1.5, yaani ukilitazama gurudumu ukiwa umesimama mbele ya gari, sehemu yake ya juu imetoka nje kidogo (na ni kemba, si kamba, ingawa fundi mmoja wa kwetu anasema kamba na gari zake zinakwenda vizuri tu). Kasta nyuzi 3. Hii ielewe kwa baiskeli ya Phoenix: uma wa mbele haujasimama wima, umelala kurudi nyuma, na ndiyo maana unaweza kuachia mikono ukavaa koti huku unaendesha. Ukiusimamisha uma huo wima, baiskeli inakuwa na mawazo yake. Ya tatu ni mlalo wa kingpini, pini ambazo gurudumu hugeukia, kuelekea ndani, nyuzi 7. Ya nne ni toini, magurudumu yanatazamana kidogo kwa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4 na si zaidi.

Sasa hapa ndipo nilipokaa kimya kwenye benchi la Babu. Katika hizo nne, ni moja tu unayoweza kuigusa kwa spana: toini. Tatu zilizobaki zimetiwa kwenye chuma chenyewe, kwenye ekseli na vichwa vyake, tangu kiwandani. Hakuna nati ya kasta. Hakuna bolti ya kemba. Rafiki yangu mwenye Volkswagen kobe ya zamani anapunguza na kuongeza kemba kwa vipande vyembamba vya chuma kwenye pini zake. Mimi sina raha hiyo. Kwa hiyo mashine ikiniambia kasta yangu ni nyuzi 1 badala ya 3, haisemi kwamba gari halijasetiwa. Inasema kuna kitu kimelika, kimepinda, au kimepachikwa na mtu. Na vijana wa kituoni mara zote tatu walifanya lile pekee linalowezekana: walizungusha tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, toini ikakaa sawa kwenye kompyuta, nikalipa.

Babu alipiga jeki upande wa kushoto, gurudumu likaning'inia. Akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Tok. Tok.

"Beringi," nikasema, kwa kujiamini.

"Ingia ndani ukanyage breki."

Nikakanyaga. Akatikisa tena. Tok, tok, vilevile.

"Beringi ya haba, kitovu cha gurudumu, ingenyamaza," akasema. "Breki imeshalifunga gurudumu na kile kichwa vikawa kitu kimoja. Kinachocheza kiko nyuma ya breki. Kingpini hizo."

Jaribio hilo halina gharama, linachukua dakika moja, na mimi nilikuwa nimeshalipia wili balansi mara mbili.

Tukafungua. Kingpini za Landrova si pini ndefu moja kama za malori. Ni pini mbili fupi, moja juu na moja chini, zinazokishika kichwa cha gurudumu kwenye boli kubwa la chuma lililopakwa kromu. Chini kuna beringi ya roli. Juu, kuanzia matoleo ya Series II, kuna bushi isiyo ya chuma iitwayo Railko, na hiyo ndiyo yenye siri. Kazi yake haiishii kushika tu, inatakiwa pia ibane kidogo, iwe kama breki ndogo inayokataza gurudumu kuyumba lenyewe. Ikilika, gurudumu linapoguswa na kiraka linapepea, la upande wa pili linalijibu kupitia tairodi, na hapo ndipo unapopata ile ngoma ya kilomita sitini.

Ya kwangu ya kushoto ilitoka vipande. Ya kulia ilikuwa nzima, ila kavu, kwa sababu mtu, sitaki kujua nani, alijaza grisi kwenye boli badala ya mafuta ya gia. Nadhani alichoshwa na sili zinazovuja, na zinavuja kweli, kwa sababu kromu ikishaanza kuota kutu na vishimo inakata mdomo wa sili kama msasa. Lakini ile grisi ilikuwa imekaa chini kama ugali wa jana, na bushi ya juu haikuonja chochote.

Nikaagiza spea Gerezani, Dar es Salaam, zikaja na basi: bushi, beringi, boli moja jipya, sili, na tairodi nzima. Tairodi kwa sababu Babu aliivingirisha ile ya zamani sakafuni na badala ya kwenda kimya ikawa inarukaruka. Ilikuwa imepinda katikati, labda jiwe, labda kisiki. Kupinda kule kulikuwa kunaifupisha, na vituo vya alaimenti vilikuwa vinairefusha kwa kuzungusha nyuzi za skrubu za ncha zake. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa siku yake.

Kufunga kingpini mpya kuna jambo moja ambalo nusu ya mafundi wanaliruka. Pini ya juu inakaa juu ya shimu, vipande vya chuma vyembamba, vingine vyembamba kama karatasi ya daftari. Ukitoa shimu, pini inashuka na kubana. Ukiongeza, inalegea. Kitabu kinataka, sili ikiwa haijafungwa bado, uvute mkono wa usukani pale penye tundu la tairodi kwa mizani ya springi, na kichwa kianze kugeuka ukivuta kwa paundi 14 hadi 16. Hiyo ni kama kilo 6.4 hadi 7.3. Babu hana mizani. Yeye huvuta kwa kidole na kusikiliza. Mimi sina kidole cha miaka arobaini, kwa hiyo nikaenda buchani.

Muuza nyama wetu ana mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano yenye uso wa saa. Nikamweleza. Akanitazama kwa muda, akauliza kama Landrova naiuza kwa kilo. Lakini alinipa, jioni baada ya kufunga, kwa sharti irudi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

Sijui ni nini kilinituma nijaribu mizani kabla ya kuitumia. Nadhani ni vile vituo vitatu. Nikaning'iniza ndoo tupu, nikakumbuka inasoma ngapi, kisha nikamimina lita 5 za maji kwa chupa za lita moja. Maji lita 5 ni kilo 5, hilo halina ubishi. Mshale ukapanda kilo 5 na nusu juu ya pale ulipokuwa. Nikamwaga, nikarudia. Tano na nusu. Nikakaa chini nikapiga hesabu ya nyama yote niliyonunua pale tangu tuhamie mtaa ule, halafu nikaiacha hesabu hiyo, nikapiga ninayoihitaji: kwa mizani hii, lengo langu ni kati ya kilo 7 na kilo 8 za buchani.

Upande wa kulia ulikubali mara ya pili. Wa kushoto ulinichukua hadi saa tano usiku. Nilitoa shimu moja nene, ikawa kilo 11, kichwa kigumu kama lango la shule. Nikarudisha nyembamba mbili, ikawa 5. Nikatoa moja, 7 na nusu. Unavuta polepole, mshale unapanda, unapanda, halafu boli linaachia na kichwa kinakuja kwako laini, bila kushtuka, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Nilikivuta mara sita saba bila sababu yoyote, kwa raha tu.

Nikafunga kila kitu, nikajaza mafuta ya gia, nikaenda barabara ya Himo. Sitini, sitini na tano, sabini. Nikalenga viraka kwa makusudi. Hakuna ngoma. Nilipiga honi peke yangu kama dereva wa timu iliyoshinda.

Furaha ilidumu hadi kona ya kwanza. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe, unabaki pale ulipouacha kama mtoto aliyenuna. Kwenye lami iliyonyooka gari linatangatanga, unarekebisha kila baada ya sekunde. Nikawaza ni kile kifaa cha katikati kilichozama kwenye fremu mbele ya rejeta, kinachopokea usukani na kuupeleka magurudumuni. Mafundi wengi wanakiogopa, na wana sababu: ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu sana, na anayekifungua bila kujua anaweza kupoteza jino. Babu hukifungulia ndani ya kiroba. Tulitenganisha fimbo zake tukakigeuza kwa mkono: kizito kidogo, laini, hakikwami. Hakikuwa na kosa.

Babu akaenda kusimama mbali, upande wa barabara, mikono nyuma.

"Mbona inainamisha kichwa kama mbuzi anayekunywa maji?"

Nilikuwa nimelitazama gari lile kila siku kwa miaka miwili. Lilikuwa na mkia juu, na mimi niliona ni umbo lake. Tukaenda nyuma kuhesabu springi. Baba mdogo alikuwa ameongeza majani matatu, yaani bapa za chuma za springi, kila upande, ya pikapu fulani, ili libebe matofali. Yalikuwa yameinua nyuma sentimita 8 juu ya kawaida. Sasa piga hesabu: urefu kutoka ekseli hadi ekseli ni inchi 88, milimita 2,235. Ukiinua mwisho mmoja milimita 80, mwili mzima unainama mbele nyuzi 2, na ekseli ya mbele inainama pamoja nao. Nyuzi 3 za kasta kutoa 2 ni 1. Ile namba ya karatasi nyekundu ilikuwa sahihi kabisa. Ugonjwa tu haukuwa mbele.

Nilimpigia simu baba mdogo Rombo kumwambia natoa majani yake. Akanikumbusha kwamba majani hayo yalibeba nyumba ninayolala.

Wapo wanaotibu jambo hili kwa kabari, kipande cha chuma kilichochongwa kinachoingizwa kati ya springi na ekseli ya mbele, upande mnene ukiwa nyuma, ili ekseli ilale. Kasta inarudi, ni kweli. Lakini pua ya difu ya mbele, lile boksi la gia katikati ya ekseli, inatazama nyuma, na ukiilaza ekseli hivyo pua inashuka, pembe ya propela, shafti inayoizungusha difu, inakuwa kali, unahamisha mtetemo kutoka mikononi kwenda sakafuni. Kabari ina mahali pake kwa mtu aliyeinua gari kwa kazi maalumu. Mimi nilikuwa na majani sita ya kutoa.

Niliyatoa, na kwa kuwa nilikuwa chini, nikashusha na springi za mbele kuzisafisha. Hapo nikafanya kosa la kitoto. Springi za Landrova si pacha: ya upande wa dereva imepinda zaidi kwa sababu upande huo una dereva na tangi. Nikazirudisha bila alama, gari likaegemea kulia kama mlevi ukutani, na ilibidi nifungue tena yuboti zote nne, bolti za umbo la U zinazoshika springi. Piga alama ya rangi kabla ya kushusha. Rangi yoyote.

Safari hii sikutaka mashine, nilitaka kupima mwenyewe. Nikaazima sakafu ya ghala la jirani, iliyonyooka kwa pima maji. Chini ya kila gurudumu la mbele vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kupambana na sakafu. Mara ya kwanza nikasahau kuweka vigae nyuma pia, na nikafurahia nusu digrii ya kasta iliyotokana na unene wa vigae. Kemba nilipima kwa timazi la mwashi. Rimu ya inchi 16 kwa ukingo wake ni kama milimita 440, kwa hiyo nyuzi 1.5 ni kitu kama milimita 11 na nusu kati ya uzi na ukingo wa chini. Nilipata 11 kushoto na 12 kulia. Kwa kipimo cha uzi na macho yangu, hizo ni sawa.

Kasta haipimwi moja kwa moja. Unageuza gurudumu nyuzi 20 nje, unapima kemba, unaligeuza nyuzi 20 ndani, unapima tena, na tofauti unaizidisha kwa 1.5. Nyuzi ishirini nilizichora sakafuni kwa kipimapembe cha mwanangu, ambaye alikuwa na mtihani kesho yake na hakufurahi. Siku moja kabla ya kutoa majani nilikuwa nimepima hivihivi, tofauti ikawa milimita 5, sawa na nyuzi 1 ya kasta. Sasa ilikuwa 14, kama nyuzi 2.7. Springi za miaka hamsini zikikupa 2.7, unasema asante.

Toini ndiyo ikaja mwisho kabisa, kazi niliyoianza nayo mara tatu. Unainua gurudumu, unalizungusha na kushikilia msumari katikati ya tairi ili uchore mstari mwembamba juu ya chaki. Unashusha, unalisukuma gari mbele mita chache ili springi zikae, mbele tu, ukirudi nyuma anza upya. Unapima mstari hadi mstari kwa nyuma, usawa wa haba, kisha unasukuma nusu mzunguko ili alama ileile ije mbele, unapima tena. Kwa njia hiyo rimu iliyopinda haikudanganyi. Nilikuta toauti, kinyume cha toini, ya milimita 9, kwa kuwa tairodi mpya niliifunga kwa kukadiria. Bomba la tairodi lina nyuzi za skrubu za kulia ncha moja na za kushoto ncha nyingine, unalegeza klampu, unalizungusha, linasukuma pande zote. Milimita 2. Nikakaza.

Usukani ulikaa upande robo mzunguko. Zamani ningeuchomoa na kuupachika upya unyooke. Ni kosa, kwa sababu boksi ya stelingi imetengenezwa iwe haina mchezo pale katikati yake, na ukiudanganya usukani unaendesha maisha yako yote pembeni ya hapo, kwenye ulegevu. Nilirekebisha urefu wa fimbo ya kati mpaka boksi na magurudumu vikubaliane.

Barabara ya Himo, sabini, mikono miwili inagusa tu. Kona, usukani unarudi wenyewe. Mke wangu alikubali kupanda hadi darajani.

Mizani niliirudisha asubuhi ile ile niliyoahidi, nimeifuta mafuta ya gia kwa petroli. Muuza nyama akaining'iniza, akaitazama, akaniuliza kama ilinifaa.

"Ilinifaa sana," nikasema. "Ila inazidisha."

Akasita, kisu mkononi. Nyuma yangu walikuwa wameshafika wateja wawili.

"Inazidisha kiasi gani?"

"Nipimie kilo moja," nikamwambia, "halafu niongezee kipande."

Akakata kipande kikubwa, bila kuweka kwenye mizani.